Mama Alivyosafiri kwa Kayamba

Watu wengi wanalijua kayamba kwa sauti yake. Mimi nalijua kwanza kwa harufu: matete makavu yaliyokaa karibu na moshi, pamoja na vumbi la mbegu zinazosagana humo ndani. Hivi karibuni basi letu liliposimama Somanga na wachuuzi wakajaa madirishani na samaki wa kukaanga, mzee mmoja aliinua kayamba kwenye dirisha langu akalitikisa mara mbili. Nililishika nikalipeleka puani, na papo hapo magoti yangu yakaanza kutikisika kama ya mtu anayetaka kuteremka. Abiria wa pembeni yangu akauliza, "Unalinunua au unalila?" Nikalirudisha. Toka hapo hadi Lindi sikukaa vizuri.

Shule niliishia darasa la saba, lakini nimesoma vitabu vingi kwa mpango wangu mwenyewe, nikiandika pembeni nilichoelewa na nisichoelewa. Katika kimoja, kilichochakaa hadi kupoteza jalada, nilikuta habari za matabibu wa nafsi ambao humlaza mgonjwa, humwambia afumbe macho, humpigia muziki uliochaguliwa kwa ajili yake, kisha humwongoza kwa maswali machache: uko wapi, unaona nini, unataka kwenda wapi. Mgonjwa husimulia anachokiona na tabibu humfuata. Nilizisoma kurasa zile nimesimama. Jambo hilo nilikuwa nimelishuhudia nikiwa na miaka minane, ndani ya nyumba ya makuti, na mimi ndiye niliyeliharibu. Au ndiye niliyelitimiza, bado sijaamua. Nitaeleza kwa utaratibu, na nitajitahidi kutenganisha nililoliona na nililosimuliwa baadaye.

Sisi tulikuwa watu wa Namkea, nyumba kumi na moja katikati ya mikorosho, mwendo wa saa moja kutoka barabarani. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa juu wa Mchinga, lori lilikuja asubuhi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekwisha shushwa kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, kila nyumba na kigingi chake. Mdogo wangu Hamisi, mtoto wa miezi minne, alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, akazikwa nyuma ya nyumba yetu. Siku yake ya arobaini ilitukuta huku kijijini. Wanaume walisoma hitima, tukala wali, watu wakampa baba mkono. Kila mtu alihesabu kwamba jambo lile limekwisha.

Hapo ndipo mama alipoanza kutokaa. Sina neno bora kuliko hilo. Alikuwa akiosha sufuria, anainuka sufuria ikiwa nusu ina masizi. Akipakua ugali, anatuachia mwiko ndani ya chungu na kwenda kusimama mlangoni. Hata akisuka nywele zangu alinisuka kwa kuzunguka, ikabidi na mimi nizunguke kwenye kigoda. Usemi wake ulipungua mpaka ukabaki kuitikia salamu. Kisha akaanza kuondoka. Alishika njia ya Namkea bila mzigo, bila kufunga mlango, na kila mara mgambo waliokuwa wakilinda shamba la kijiji walimkuta kijitoni, nusu ya njia, wakamrudisha. Mara ya tatu walimrudisha mikono imefungwa kwa khanga yake mwenyewe, kwa sababu alimng'ata mmoja.

Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Alikuja yeye mwenyewe, akakataa kiti.

"Bwana Issa," alimwambia baba, "hii ni mara ya tatu. Vijana wanaacha shamba wanamkimbiza mkeo. Ikitokea ya nne naandika barua wilayani, gari lije limpeleke hospitali ya wagonjwa wa akili."

"Iko wapi hiyo hospitali?"

"Mbali."

Nilimfuata shangazi Hadija, dada yake baba, nikamuuliza kama watu wakipelekwa huko hurudi. Alikuwa anapepeta mpunga. Alipepeta ungo mzima kabla hajanijibu.

"Wengine," alisema.

Neno hilo ndilo lililonikosesha kula. Tangu siku hiyo nililala nimefunga pindo la khanga ya mama kwenye kidole changu cha mguu.

Shangazi ndiye aliyemleta Bibi Mwanahawa, mwanamke wa Kimatumbi kutoka vilima vya Kilwa, ambaye alikuwa amehamishwa kama sisi. Kwao alikuwa fundi wa kupunga pepo kwa ngoma. Hapa ngoma ilihitaji kibali, na mwenyekiti hakutoa kibali cha ngoma yoyote itakayowatoa watu shambani. Kwa hiyo Bibi Mwanahawa aliacha ngoma zake zining'inie darini, akaja baada ya alasiri na kayamba moja tu, ambalo sauti yake haivuki ua. Nafikiri sasa kwamba katazo lile lilimlazimisha kufanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya kwao. Bila ngoma hakuna kucheza wala pepo kupanda kichwani. Kulibaki kulala, kusikiliza na kusema.

Mzee Bakari, balozi wetu wa nyumba kumi, alimkuta mlangoni. Wawili hao walitaniana kila walipokutana.

"Ndiyo maana nyie Wamatumbi mna njaa," alisema balozi. "Mbegu za kupanda mnazitia kwenye matete mnazitikisa."

"Afadhali sisi tunatikisa. Nyie zenu mmezila zingali kwenye gunia la serikali. Hebu pisha, mzee, unaniziba upepo."

"Naandika kwamba ni mazoezi ya kwaya ya kijiji."

"Andika. Na wewe nakuandika uimbe sauti ya jogoo."

Alipoingia ndani utani uliisha. Alitueleza, baba, shangazi na mimi, namna kazi inavyokwenda. Kayamba likianza halikatwi mpaka mgonjwa awe amerudi. Mgonjwa hurudi kwa njia ileile aliyoendea, akitaja kila mahali anapopita. Na akiwa njiani asiitwe na mtu, wala asiambiwe neno, isipokuwa na fundi.

Siku ya kwanza alimlaza mama kwenye mkeka, akamfunika macho kwa kipande cha kaniki. Akaanza kwa mwendo wa haraka, kama wa harusi. Vidole vya mama vikawa vinachomoa miyaa ya mkeka. Akapunguza, hakuna kilichobadilika. Akajaribu mwingine, na mwingine, bila haraka, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Hatimaye akafikia mwendo uliochechemea: kishindo kimoja kizito, viwili vyepesi, kama hatua za mtu aliyebeba mzigo kichwani. Mama akashusha pumzi ndefu, vidole vikatulia.

"Huu ndio wake," alisema Bibi Mwanahawa. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Uko wapi, mwanangu?"

Tulikuwa hatujasikia sentensi kutoka kwa mama kwa wiki nyingi. "Kwenye mkorosho uliopinda," alisema.

"Unaona nini?"

"Njia."

"Ifuate. Mimi nipo nyuma yako."

Alikwenda. Alitaja kichuguu, akataja kijito na mawe yake, na huko bibi akamwambia leo inatosha, rudi. Akarudi, akivitaja kinyumenyume: mawe, kichuguu, mkorosho. Kaniki ilipoondolewa alikuwa ametoka jasho.

Nikiwa na miaka minane sikuwa na shaka juu ya nilichokiona. Mama alikuwa amekwenda kweli. Lililobaki mkekani nililiona kama gamba, la kuwadanganya mgambo. Nilitaka uthibitisho, nikaenda kumkagua nyayo. Zilikuwa na udongo mwekundu kama wa Namkea, na mchanga wa kijijini kwetu ni mweupe. Haikunijia kwamba shamba la kijiji lina udongo huohuo, na kwamba mama alikuwa ameshinda huko asubuhi.

Siku ya pili alivuka kijito na kufika uwanjani kwetu. Mlango uko wazi, alisema. Chungu kiko jikoni. Aliposema "naingia", mimi niliingiwa na hofu moja iliyo wazi: akiingia mle atajifungia, na gari la wilaya litakuja kuchukua gamba. Nikaamua nimwahi. Nikachukua kibuyu cha maji, nikatoka kwa nyuma, nikakimbia. Mgambo kijitoni waliona mtoto anakwenda kuchota maji.

Namkea hapakuwa na mlango. Palikuwa na nguzo nne nyeusi, mafiga matatu na majivu yaliyolowa mvua. Nyumba zote kumi na moja zilikuwa hivyo. Zilichomwa baada ya sisi kuondoka, ili tusirudi. Watu wazima walijua, baba alikuwa amekwenda na kuona, na walikuwa wamekubaliana mama asiambiwe. Haya nilisimuliwa baadaye. Siku ile nilimwita mama, nikazunguka uwanja, kisha nikakasirika kwa kudhani tumepishana njiani. Nyuma ya nyumba sikwenda. Nyasi zilikuwa zimenifikia kifuani, na huko alikuwako Hamisi.

Nilirudi adhana ya magharibi inaadhiniwa. Shangazi alinizaba kibao kwanza, ndipo akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema kisimani.

Siku ya tatu mama hakusitasita njiani. Alipita mkorosho, kichuguu na kijito kama mtu anayewahi, akaingia ndani, akasema amelala kitandani kwake.

"Pumzika," alisema Bibi Mwanahawa. Akamwacha kwa muda, kayamba likienda. "Haya, inuka sasa, mwanangu. Jua linashuka."

"Sirudi."

"Tutakuja tena kesho."

"Nyie rudini."

Mikono ya bibi ilichoka. Alimpa shangazi kayamba bila kulikatiza, mkono juu ya mkono, kama wanawake wanavyopokezana mchi kinuni. Baba alikuwa amechuchumaa mlangoni. Aliuliza kwa mnong'ono itakuwaje kama atabaki huko.

"Basi mwili nao utamfuata," alisema bibi. "Leo hii au kesho asubuhi."

Nilielewa kwamba anazungumzia safari ya nne. Nikasahau sharti, au sikulisahau ila nililivunja. Katika hili siwezi kusema kwa uhakika.

"Mama, hakuna kitanda," nilisema. "Nyumba wameichoma. Nimekwenda jana nikaona."

Kayamba liliyumba. Bibi Mwanahawa akamdaka shangazi kiwiko, akautikisa mkono wake mpaka mwendo ukarudi. Mimi hakunitazama kabisa.

"Umesikia, mwanangu," alimwambia mama, kwa sauti ileile. "Nyumba imeungua. Sasa uko wapi?"

Nikaona tumbo la mama halipandi wala halishuki.

"Nimesimama uwanjani."

"Unaona nini?"

"Nguzo."

"Ngapi?"

"Nne. Nyeusi."

Mimi sikuwa nimetaja idadi wala rangi. Lakini nyumba zetu zote zilisimama kwa nguzo nne za pembeni, na mti ulioungua ni mweusi. Sioni haja ya kuongeza kitu hapo.

"Unataka kwenda wapi?"

"Nyuma," alisema mama. Machozi yakaanza kutoka chini ya kaniki, ya kwanza tangu msiba. "Sijafagia."

Nikamwona baba anajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Kwetu, asubuhi ya arobaini, mama mzazi hufagia kaburi kwa mkono wake mwenyewe. Akishafagia ndipo mkeka wa msiba unakunjwa, naye anaruhusiwa kurudi kwenye kazi zake. Sisi tulisoma hitima, tukala wali, mkeka ukakunjwa. Kuhusu ufagio hakuna aliyekumbuka, kwa kuwa kaburi halikuwa mbele ya macho ya mtu. Mama peke yake ndiye aliyebaki ndani ya siku ya thelathini na tisa, miongoni mwa watu waliokwisha maliza.

Aligeuza uso wake uliofunikwa, akauelekeza upande wangu.

"Wewe uliyekwenda," alisema. "Kwa mdogo wako pakoje?"

Bibi Mwanahawa aliniruhusu kwa kidevu.

"Pamefagiliwa," nikasema.

"Nani kafagia?"

"Mimi."

Hapo ndipo bibi aliponitazama, kwa muda mrefu, na ninaamini alijua. Hakunisahihisha wala hakuniunga mkono. Alimgeukia mama, safari hii bila kusema umesikia. Alingoja tu.

"Basi," alisema mama.

Akarudi. Kijito, kichuguu, mkorosho uliopinda. Jioni ile aliketi, akala sahani yake yote, akamwambia baba kwamba chumvi imezidi.

Zilipita siku, mwenyekiti hakuandika barua. Mama alikaa; si kama zamani, lakini alimaliza kuosha sufuria aliyoanza kuiosha. Ilikuwa zamu yangu kufurahi, nami sikuweza. Mwendo ule unaochechemea ulikuwa umehamia magotini kwangu. Darasani mwalimu aliniuliza kama nimekalia upupu, wenzangu wakacheka, na wiki nzima wakaniita Upupu badala ya Somoe. Nililala na kuamka na hesabu moja: mama amerudi kwa kushika neno langu, na neno hilo halina kitu chini yake. Siku atakapopita huko, au mtu akimwambia kuna nyasi tu, ataondoka tena na hakuna kayamba litakalomfikia.

Kile kitabu kilichopoteza jalada kinaonya kwamba tabibu asimpachike mgonjwa picha ambayo si yake. Nimepigia mstari hapo mara mbili. Mimi nilimpachika mama picha mbili, moja ya kweli na moja ya uongo, nami nilijua ni ipi iliyomrudisha.

Asubuhi moja, badala ya kwenda shule, nilichukua ufagio wetu wa chelewa nikashika njia.

"We mtoto, ufagio wa nini?" aliuliza mgambo kijitoni.

"Zamu ya darasa letu."

"Darasa limehamia porini?"

Nikawa nimekwisha vuka.

Namkea nilipita nyuma ya nyumba kwa kulazimisha mguu mmoja mbele ya mwingine. Sikuliona kaburi. Kaburi la mtoto mchanga ni tuta dogo, na mvua ilikuwa imelishusha. Nyasi zilikuwa sawa kila mahali. Nikaona njia pekee ya kutokosea ni kufagia pote. Nilianza kwenye majivu, nikafagia uwanja, nikang'oa nyasi kwa mikono na kufagia chini yake, nikisogea kipande kwa kipande ili nisirudie. Jua lilifika utosini. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka. Nilikuwa nimemaliza labda robo.

"Unamfagilia nani hapo?"

Mama alikuwa amesimama kando ya nguzo. Mwalimu alikuwa ametuma mtoto nyumbani kuuliza kwa nini sikufika, naye mama akakuta ufagio haupo. Nyuma yake, kwa mbali, alisimama yule mgambo wa kijitoni, rungu likiwa kwapani. Hii ilikuwa safari ya nne, na hakuna aliyeiita hivyo.

"Hamisi," nilisema.

"Hapo palikuwa banda la kuku."

Alinitazama mimi, magoti yenye majivu, viganja vyangu. Nguzo hakuzitazama.

"Mama, nilikudanganya. Sikufagia."

"Najua. Siku ile ulirudi na kibuyu, si ufagio."

"Mbona ulirudi?"

Alichukua ufagio mkononi mwangu, akaingia kwenye nyasi bila kutafuta, hatua kama ishirini, akasimama. Nilichokiona mimi ni nyasi kama nyingine. Alipiga magoti, akang'oa, akaniambia nizishike zilizo pembeni zisirudi. Tuta likaonekana, dogo kuliko nilivyolikumbuka. Alilifagia kuanzia kichwani kushuka miguuni, polepole, kila upande, akaokota majani yaliyobaki moja moja.

Kisha akaketi chini palepale, akanyoosha miguu. Nikaketi karibu yake. Kivuli cha mkorosho kilitoka kwenye vidole vyake vya miguu kikapanda mpaka magotini.

"Mama Somoe," mgambo aliita kutoka kule alikosimama, "twende basi, tutasemwa."

"Subiri, mwanangu," alisema mama. "Nimeketi."